Mume wa Gati

Mwaka ule wa 1957 hapakuwa na shamba safi Itiryo nzima, na pengine Mara Kaskazini yote, kama shamba la mtama la bibi Wankyo. Lilipaliliwa mara ya kwanza kama mashamba ya watu wengine. Likapaliliwa mara ya pili, majirani wakasema haya, bibi ana bidii. Ilipofika palizi ya tano magugu yenyewe yalikuwa yamekwisha, ikabidi wanaokuja kulima watoke na magugu kwao wameyaficha kwenye vikapu, wayachomeke katikati ya mtama, kisha wayang'oe. Anayebisha aende akawaulize watu wa huko.

Sababu ilijulikana kwa kila mtu isipokuwa serikali. Chama cha TANU kilikuwa hakijaruhusiwa Jimbo la Ziwa. Kukusanya watu kulitaka kibali, na kibali kilikuwa hakitoki. Lakini risaga, ule mtindo wa kuitana mkalime kwa mwenzenu kisha mkanywe pombe yake, ulikuwepo kabla ya serikali na haukuomba ruhusa kwa mtu. Basi watu wanajipanga mstari, wanainama na majembe, na Wankyo katikati yao anasema bila kuinua kichwa:

"Nyinyi mnaolipa kodi, nani kati yenu aliwahi kuulizwa iende wapi?"

"Hakuna!" Majembe yote juu.

"Na ng'ombe wenu wakipunguzwa kwa amri, nani aliulizwa?"

"Hakuna!"

"Limeni, limeni! Tarishi anapita."

Wanalima. Tarishi wa chifu, jina lake Werema, anasimama barabarani, anatazama, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Baadaye jioni yule aliyepata hamu ya kadi ya chama anakuja kununua ugoro. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Wankyo, kusaga tumbaku na kuizungusha kwenye magulio mpaka Kewanja. Unapewa ugoro wako umefungwa kwenye jani la mgomba, na chini ya ugoro kuna kadi. Kadi zilitoka Tarime kwa Nikolaus, fundi cherehani, mtu mwenye maneno mengi na suti moja.

Wankyo hakuzaa mtoto wa kiume. Alizaa binti wawili, wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na mumewe Nyangwine akafa akiwaacha ng'ombe hao. Mjane asiye na mwana kwa Wakurya hakai akilia. Alichukua ng'ombe wale wale akaoa. Alimtolea mahari binti wa Busawe anaitwa Gati, akamleta kwa mila wanayoiita nyumba ntobu. Mwanamke anamwoa msichana, msichana anazaa, na watoto wanakuwa wa nyumba hiyo na kwa jina la nyumba hiyo. Anayelala na msichana ni mgeni tu. Anakula, anashukuru, anaondoka. Mgeni wa Gati alikuwa kijana mmoja mrefu anaitwa Ryoba, hodari sana kwenye kula na mnyonge kidogo kwenye kushukuru. Mtoto alipozaliwa akawa wa kiume. Wankyo akampa jina la Nyangwine, akamrusha juu mara nyingi hata wanawake wakamkemea.

Kisimani na sokoni wanawake walikuwa na utani wao. "Mume wa Gati hana mfano," anasema mmoja. "Hapigi, halewi."

"Anakohoa ugoro tu usiku kucha."

"Afadhali kikohozi. Wangu ana ngumi."

Ndipo akaja mnunuzi wa ngozi, Filemoni, mtu wa mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alinunua ngozi mbichi, zilizooza na zenye matundu bila kuzinusa wala kubishania bei, na hilo peke yake lilitosha watu wajue si mnunuzi wa ngozi. Lakini alikuwa mpole, anasalimu wazee shikamoo, anawapa wanawake sabuni. Siku moja akawauliza chini chini, "Mama zangu, na mimi ni Mwafrika mwenzenu. Kadi ya chama naipata wapi?"

Wanawake wakatazamana. Kumwambia ukweli ni hatari, kumfukuza ni kukiri. Mmoja akaona njia ya kati.

"Nenda kwa mume wa Gati!"

Wakacheka mpaka mmoja akaacha mtungi uende na maji. Filemoni naye akacheka pamoja nao, akauliza nyumba yenyewe iko wapi, akaenda zake. Hakurudi tena kununua ngozi.

*

Askari walikuja asubuhi, wawili, na Werema tarishi akiwaonyesha njia. Wankyo alikuwa uani anasaga tumbaku. Gati alikuwa anakamua. Ndani ya nyumba Ryoba alikuwa anakula ugali wa jana.

"Wewe ndiye Gati?" askari mkubwa akauliza.

"Ndiyo mimi. Karibuni."

"Mume wako yuko wapi?"

"Huyo hapo." Gati akaelekeza kidole kwa Wankyo.

Askari akageuka, akamwona bibi kizee na jiwe lake la kusagia, pua imejaa ugoro. Akamgeukia Gati akamzaba kofi, maziwa yakamwagika.

"Mimi nakuuliza habari za serikali, wewe unanifanyia mchezo?"

"Usimpige!" Wankyo alisimama. "Amekujibu. Mke ni wangu. Mimi ndiye niliyemtolea ng'ombe, muulize huyo tarishi."

Werema alitazama viatu vyake. Alijua. Alikuwepo siku ng'ombe wanapelekwa Busawe, alikula nyama na akapewa mguu wa kwenda nao kwake. Lakini askari hakumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa.

Wakapekua. Wakamwaga mtama, wakavunja chungu, wakachoma magodoro ya nyasi kwa ncha ya fimbo. Wakapindua kibuyu kikubwa cha ugoro, askari mdogo akapiga chafya mpaka kofia ikamdondoka, na katikati ya ugoro kadi zikaanguka, mpya, nyingi, bado zimefungwa uzi.

"Nyumba hii ya nani?"

Kabla Wankyo hajafungua mdomo, askari mkubwa aliona miguu ya mwanamume nyuma ya kihenge. Wakamvuta Ryoba nje akiwa na tonge mkononi.

"Kumbe huyu hapa, mume wa Gati!"

"Mimi?" Ryoba akapiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. "Mimi si mume! Wallahi, mimi Mkristo lakini wallahi! Hapa mimi mpita njia! Mwulizeni bibi!"

"Mpita njia unakula ugali wa nani?"

"Wa bibi!"

"Na mtoto huyu anayefanana nawe pua?"

"Wa bibi!"

Askari walicheka sana. Walimfunga pingu, wakazichukua kadi, na kwa kuwa njia ilikuwa ndefu wakachukua na jogoo. Ryoba alikwenda akilia na kugeuka nyuma. "Bibi, sema! Bibi, waambie!"

Wankyo alikuwa amesimama na mdomo wazi. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, akaiacha ipite. Alimwona Gati ameshika shavu, akamwona mtoto anachezea ugoro uliomwagika, akafikiri kwamba akienda yeye jela, hawa atawaacha na nani.

*

Siku ya pili alikwenda Tarime kwa Nikolaus. Alimkuta anashona kaptula ya mwanafunzi, sindano mdomoni.

"Nimesikia," Nikolaus akasema. "Kaa, mama. Wamemkamata nani, hasa?"

"Wamemkamata mgeni wa mke wangu. Kadi hajui hata rangi yake. Nikae kimya, au nikajitaje?"

Nikolaus alitoa sindano mdomoni. "Ukae kimya kabisa. Mama, wewe umeandikisha kilima kizima. Wewe ukifungwa, nani ataita watu wakalime? Huyu kijana wakimfunga kidogo atatoka. Kwanza, itatusaidia."

"Itatusaidia vipi?"

"Wakubwa wa chama Musoma wanatuuliza kila mara, huko kwenu kuna aliyefungwa? Sisi hatuna. Tunaonekana kama watu wa kupiga domo."

Wankyo alimtazama. "Kwa hiyo mnafurahi."

"Hatufurahi, mama. Tunahesabu faida."

"Na wakimwandika yeye ni mume?"

"Waandike wanavyotaka! Karatasi ya Mzungu itabadilisha mila ya Wakurya?"

Nikolaus alikuwa Mkatoliki wa kusoma magazeti, na mila aliijua kwa kusikia. Wankyo alirudi kwa miguu, na njia nzima neno lile la mwisho halikumkaa sawa moyoni.

Hakukosea kuwa na wasiwasi. Chifu wao alikuwa Mkurya aliyejua mila kuliko wote, tena mjanja. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba mume wa Gati ni Wankyo. Lakini kumfunga bibi kizee wa ukoo wake mwenyewe kungewatoa vikongwe wenzake barazani kuvua nguo mbele yake na kumlaani, na laana hiyo Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, asingeibeba kwa niaba yake. Alikwenda mahabusu, akamtuma askari nje, akachuchumaa mbele ya Ryoba.

"Mura, kijana wangu, unalia nini?"

"Mtemi, mimi si mume."

"Ukiwa si mume, wewe ni mgeni uliyekutwa na kadi za siri kwenye nyumba isiyo yako. Huyo ni mhuni wa chama, anapelekwa mbali. Ukiwa mume, wewe ni mwenye nyumba uliyedanganywa na watu wa mjini. Huyo anakata majani bomani miezi mitatu, anatoka."

Ryoba akafikiri. "Na faini?"

"Faini hulipwa na ng'ombe wa mwenye nyumba. Si wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Wale ng'ombe ni wa bibi."

"Serikali ikiandika ni wako, ni wako. Na mke. Na mtoto." Chifu alisimama, akajikung'uta magoti. "Wewe una ng'ombe wangapi kwa baba yako, mura?"

Ryoba hakuwa hata na mbuzi. Aliacha kulia tangu hapo.

*

Siku ya baraza watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta wa zizi la chifu. Bwana Shauri alikuja na gari, Mzungu kijana, amefundishwa Kiswahili pwani na mwalimu mkali. Alijivunia Kiswahili hicho kuliko bunduki yake. Hakutaka mkalimani.

"Ryoba. Wewe ni mume wa Gati?"

Ryoba akasimama wima. "Ndiyo, bwana. Ni mimi."

Mguno ukapita kwenye baraza. Gati, aliyekaa chini na mtoto, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua.

"Nyumba ni yako? Ng'ombe ni wako? Mtoto?"

"Ni wangu wote, bwana. Nilidanganywa na watu wa mjini."

Hapo Wankyo ndipo alipoona yote kwa mara moja. Akikaa kimya, amenusurika jela, na hana nyumba. Akisema, nyumba ni yake na jela ni yake. Alitazama upande wa Nikolaus, ambaye alikuwa nyuma kwenye kundi. Nikolaus alimfanyia ishara ya kidole mdomoni. Wankyo aliinuka.

"Bwana, huyo anasema uongo. Nyumba ni yangu. Ng'ombe ni wangu. Kadi zile ni zangu mimi, nimezigawa mimi, kwa mkono huu. Nifunge mimi."

Wale waliokuwa na kadi kwenye paa za nyumba zao, nao walikuwa karibu wote, waliacha kupumua.

Bwana Shauri alimwangalia kwa upole. "Wewe ni nani kwake, mama?"

"Kwake si lolote. Mimi ndiye mume wa Gati. Nimeoa."

"Unasema nini?"

"Nimeoa, bwana."

Mzungu alitabasamu. Alimgeukia karani, kisha akamgeukia Wankyo, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto: "Mama, hujui Kiswahili vizuri. Si kosa lako, huku ni bara. Mwanamume anaoa. Mwanamke haoi, mwanamke anaolewa. Sema: nimeolewa."

"Niliolewa zamani, na Nyangwine. Akafa. Halafu nikaoa."

"Ni-me-o-le-wa."

"Ni-me-o-a!" Wankyo alipiga mguu chini. "Nimeoa! Nimeoa kwa ng'ombe! Mwulize chifu!"

"Chifu?" Bwana Shauri akauliza.

Chifu alikuwa anapepea nzi. Alichukua muda wake. "Bwana, ni bibi mzee. Anampenda kijana huyu kama mwanawe. Wazee wetu wako hivyo, hutaka kubeba mzigo wa watoto."

"Ninyi semeni!" Wankyo aliwageukia watu. "Werema! Ulikula nyama yangu! Semeni nyote, nani alimwoa Gati?"

Kulikuwa na watu wa kutosha kulima kilima kizima. Kila mmoja alikuwa anajua, na kila mmoja alipiga hesabu ile ile, kwamba nikisimama kumshuhudia huyu bibi nitaulizwa nimemjulia wapi, na kadi yangu iko kwenye paa. Mmoja alikohoa. Werema akatazama viatu. Gati alianza kuinuka, na mama mmoja jirani akamvuta kanga akamkalisha, akamnong'oneza, "Una mtoto, wewe."

"Mama," alisema Mzungu, na sasa upole ulikuwa umepungua, "una moyo mzuri lakini unapoteza wakati wa serikali. Kaa."

Hakukaa. Askari wawili walimkalisha, mmoja kila bega. Ryoba akapewa miezi mitatu na faini ya ng'ombe, watoke kwenye zizi lake. Karani akaandika zizi lake, akagonga mhuri. Walipokwenda kuchagua ng'ombe, Wankyo alikuwa anawajua kwa majina, akawa anawataja mmoja mmoja wakitolewa, sauti ya chini, hata askari mdogo, yule wa chafya, akamwomba anyamaze.

*

Wankyo alikwenda kwa wazee wa ukoo. Walimkaribisha, walimpa kigoda, walisikitika vizuri sana. Kisha mkubwa wao akasema, "Mila iko upande wako. Lakini serikali imekwisha kuandika. Tukifuta sisi, watauliza kwa nini tulinyamaza barazani." Wakamwomba ugoro.

Ryoba alikata majani ya bomani miezi yake mitatu, na wanaosema alikata akiwa ameketi kwenye kiti cha mnyapara nao wana ushahidi wao, maana alirudi amenenepa mashavu mpaka macho yalikuwa yanahangaika kutafuta nafasi. Alikuja moja kwa moja. Hakusimama uani kusubiri kukaribishwa kama zamani.

"Gati! Maji ya kuoga."

Gati alimtazama Wankyo. Wankyo alikuwa anasaga tumbaku.

"Unamtazama nani?" Ryoba akasema. "Nimefungwa kwa ajili ya nyumba hii. Nani mwingine hapa amefungwa?"

Gati alipeleka maji. Usiku ule Wankyo alitandika ngozi yake jikoni. Alikuwa haongei na Gati kwa hasira, na Gati alikuwa haongei naye kwa aibu, na Ryoba akadhani hiyo ndiyo amani ya nyumbani.

Wiki hiyo hiyo Nikolaus alikuja kwa baiskeli, amevaa suti. Alimpita Wankyo uani kwa shikamoo ya haraka, akamshika Ryoba mkono kwa mikono miwili.

"Ndugu Ryoba! Mfungwa wetu wa kwanza!"

Ryoba hakuelewa kitu, lakini alikuwa amejifunza kwamba ukiitwa jina unaitika. Akaitika.

*

Mwaka uliofuata ruhusa ikatoka. Watu hawakuamini mpaka walipoona bendera ya chama inapita mchana na tarishi yule yule akisaidia kuipandisha. Mkutano wa kwanza wa hadhara ulifanyika karibu na gulio. Waliokuja walikuwa wengi mno kwa kilima kile, na kadi zilizotolewa paani siku hiyo zilinuka moshi na ugoro. Ryoba aliitwa mbele, akatangazwa mwenyekiti wa tawi. Nikolaus aliwaambia watu habari za kijana aliyesimama mbele ya Mzungu bila kutetemeka akasema ni mimi. Watu walipiga makofi. Waliokuwepo barazani ndio walipiga kwa nguvu zaidi.

Baada ya hotuba Wankyo alimvizia Nikolaus nyuma ya jukwaa.

"Chama sasa kimekuwa halali?"

"Halali kabisa, mama! Kazi yako hiyo, usidhani tumesahau."

"Basi sema ukweli. Waite watu, uwaambie nyumba ni yangu. Mke na mtoto nirudishiwe. Kingine sitaki. Hata uenyekiti abaki nao."

Nikolaus alimshika bega, akamvuta mbali na watu. "Mama yangu. Nikisema leo mwenyekiti alidanganya barazani, na chifu yuko pale anasikia, Musoma wako pale wanasikia, si tutachekwa? Watasema chama cha waongo. Subiri. Hayo mambo ya mila tutayaangalia uhuru ukipatikana."

"Uhuru uko karibu?"

"Umefika mlangoni."

"Na mimi nina umri wa kusubiri mlangoni?"

Nikolaus alikuwa ameitwa kupigwa picha. Alikwenda akifunga vifungo vya koti.

Wankyo alirudi kabla ya wenzake. Njiani alikutana na bibi mmoja mgeni wa Nyamongo, ambaye kiu ilikuwa imemshika, akamleta nyumbani apate maji. Gati aliwapokea kwa shikamoo zake mbili, akaleta kibuyu. Mtoto alikuwa anacheza vumbini, amefika miaka mitatu na ushee, anaongea vizuri. Ryoba alikuwa amewatangulia kwa baiskeli ya Nikolaus, naye alikuwa mlangoni anafungua kamba za viatu vipya.

Yule mgeni alikunywa, akapumzika, akamwona mtoto. Akamwinamia kwa furaha kama wanavyofanya vikongwe wote wa huko.

"Hee, kamura kazuri! Jina lako nani?"

"Nyangwine."

"Nyangwine! Na wewe ni mtoto wa nani?"

Mtoto akavuta pumzi kujibu. Ryoba akaacha kamba za viatu, akainua kichwa asikie. Wankyo naye alikuwa anasikiliza. Gati alikuwa karibu. Aliinama upesi, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, akabaki amekishikilia hapo, bila kumtazama mtu.